Saa za Kiziwi

Jina la Kiziwi alipewa na mama yake mkubwa, na wala masikio yake hayakuwa na kasoro. Utotoni alikuwa akiitwa mara tatu, mara nne, yuko papo hapo uani anachezea mchanga, haitiki. Mama mkubwa alikuwa mpishi wa shule, na sauti yake ilizoea kukusanya watoto kutoka mwisho wa uwanja. Sauti hiyo nayo ikishindwa, alikuwa akisema, "Mwacheni, mwanangu kiziwi." Jina likaganda. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na mama mkubwa, dada wa marehemu, ndiye aliyemchukua, akamlea, akamsomesha. Kwa hiyo kwa Kiziwi neno "mama" lilikuwa na mtu mmoja tu.

Sasa alikuwa mwanamke aliyepita arobaini, yuko ugenini kwa mwaka wa tisa, na kazi yake ilikuwa kupokea makoti katika jumba la muziki. Watu walikuja na baridi yao mabegani, yeye akapokea koti, akatoa kibao cha namba, akatundika. Kisha milango ya ukumbi ilifungwa, na muziki ukamfikia kupitia ubao wa mlango. Ngoma zilipenya zote, fidla zilifika nusu, na waimbaji walisikika kama majirani wanaoongea chumba cha pili. Makoti yaliyoloa yalinuka kama mbwa. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuja kusoma kwa miaka miwili tu, na aliahidi kwamba akimaliza atarudi. Akamaliza. Ukapita mwaka, ukaja mwingine, na kwa mama mkubwa kitanda chake bado kilitandikwa, shuka zikibadilishwa kana kwamba mwenyewe katoka kidogo kwenda dukani.

Wiki hiyo mkuu wa jumba alimpa cheo cha msimamizi wa ukumbi, kazi ya kudumu. Kiziwi alikubali palepale, bila hata kuomba muda wa kufikiri, na hilo lilimshtua kuliko cheo chenyewe.

Ijumaa jioni mama mkubwa alishuka kwenye treni. Alikuwa ametoka kukaa kwa mwanawe, kaka yake Kiziwi, aliyeishi mji mwingine wa nchi hiyohiyo, na baada ya siku chache angepanda ndege kurudi nyumbani. Jumatatu ilikuwa mapumziko. Walikuwa na siku tatu, na ndani ya siku hizo Kiziwi alipaswa kumwambia kwamba yeye harudi.

"Mbona umekonda?" mama mkubwa aliuliza kabla hata ya salamu kwisha.

"Sijakonda, Mama. Ni koti limenizidi."

"Wewe unakaa na makoti mia, umeshindwa kuchagua linalokutosha?"

Usiku ule, wakila, Kiziwi alimweleza mipango. Kesho asubuhi yeye ana kazi kidogo, lakini jioni wameruhusiwa kuingia ukumbini, kukaa kwenye viti kama watu. "Muziki unaanza saa saba," alisema.

Jumamosi aliporudi kutoka kazini alimkuta mama mkubwa amekaa ukingoni mwa kiti, amevaa gauni lake la kutokea, kilemba kimekaa sawasawa, viatu miguuni na mkoba mapajani. Alikuwa na uso wa mtu aliyesahauliwa kwenye foleni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwenye muziki. Si ulisema saa saba? Sasa hivi ni saa tisa. Nimekaa hapa tangu saa sita, hata maji naogopa kunywa nisije nikahitaji choo njiani."

Kiziwi alisimama na ufunguo mkononi. Alikuwa amehesabu saa kwa hesabu ya wenyeji, halafu akaitamka kwa Kiswahili, na wala hakuwa ameona tofauti.

"Nilimaanisha saa saba ya huku," alisema. "Kwetu ni saa moja. Saa moja usiku."

"Kwani huku jua linachomoza saa ngapi?"

"Jua ni lilelile, Mama."

"Basi na saa ingekuwa ileile," mama mkubwa alisema, akaanza kufungua viatu. Alimtazama Kiziwi kidogo, kama anayepima unga kwa jicho, kisha akaomba chai.

Jioni waliingia ukumbini. Kiziwi hakuwahi kukaa humo na watu wamejaa, na kwa dakika za mwanzo alibaki kushangaa kwamba fidla zilikuwa na makali ambayo ubao wa mlango ulikuwa ukimnyima. Mwimbaji mwanamke akatokea. Alipandisha sauti, akaivuta, akaikata ghafla, na ukumbi mzima ukabana pumzi.

Mama mkubwa akaitikia.

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti nene ya jikoni, imekaa mahali pake hasa, na ingekuwa harusini watu wangempisha mbele. Hapo watu wa safu tatu waligeuka. Mlinzi wa mlango, mwenzake Kiziwi wa kila siku, alipiga hatua mbili, akamwona Kiziwi, akasimama hajui afanye nini. Kiziwi aliweka mkono juu ya goti la mama yake, akabonyeza.

Mama mkubwa alinyamaza. Hakuimba tena, hakutikisa kichwa, na hata wakati wa kupiga makofi alipiga kwa ncha za vidole.

Walirudi kwa miguu.

"Nilidhani anaita," mama mkubwa alisema mwishowe.

"Huku wanasikiliza tu, Mama. Ndiyo heshima yao."

"Mtu mzima anapaza sauti namna ile, hajibiwi hata na mmoja. Kawakosea nini?"

Jumapili Kiziwi alimtembeza. Walipanda mnara wa saa, wakavuka daraja la waenda kwa miguu, wakaingia kwenye makumbusho ya mashine kuukuu, wakazunguka soko la vitabu. Kila walipokaa chini, Kiziwi alisema, "Mama," na mama mkubwa akamgeukia, na Kiziwi akasema, "hapo nyuma kuna jengo zuri sana, tulione." Hata maduka yaliyofungwa aliyaona yana historia. Katika nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea, mama mkubwa alisimama mbele ya kichaka kilichozungushiwa kamba.

"Hiki si kile cha nyuma ya jiko?"

"Ndicho."

"Tunakikata kila mvua zikiisha. Hapa kimewekewa kamba, watu wanakipiga picha." Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akavitazama vidole vyake. "Kule shuleni, watoto wakinikasirisha, niliwazungusha uwanja namna hii. Mimi nimekukasirisha?"

"Hapana, Mama."

"Haya. Twende kwenye jengo lako jingine."

Lakini majengo yalikuwa yamekwisha.

Treni ya mama mkubwa ya kurudi kwa kaka ilikuwa Jumatatu jioni. Mchana walikwenda bustanini, ambako bendi ilipiga bure na watu walitandika mikeka yao juu ya nyasi. Mwimbaji alikuwa mzee mwenye kofia, ana ngoma mbili na gitaa nyuma yake, na huyu kweli alikuwa anaita. Alitoa mstari, akaelekeza kipaza sauti kwa watu, akangoja. Watu walitabasamu. Wengine walipiga makofi. Mzee akatoa mstari tena.

Kiziwi alimtazama mama yake. Alikuwa ameukumbatia mkoba, midomo imefungwa, macho mbele, kama mtoto aliyekwisha kukemewa. Hapa aliruhusiwa, na haimbi. Kiziwi aliona kwamba ule mkono wake wa juzi bado ulikuwa juu ya goti lile.

Mzee aliita mara ya tatu. Kiziwi akaitikia.

Sauti ilitoka imekwaruza, imepanda juu kuliko ilivyotakiwa. Familia ya mkeka wa jirani iligeuka yote. Mzee akacheka, akamwonyesha kwa kidole, akaita tena. Kiziwi akaitikia tena, masikio yanawaka.

"Unaimbia puani," mama mkubwa alisema bila kumtazama. "Fungua kinywa."

Mara ya tatu waliitikia wawili, na mara ya nne ile familia ya jirani ikajiunga, maneno hawayajui, wanafuata tu.

Wimbo ulipoisha mama mkubwa aliufungua mkoba, akatoa leso, akajifuta shingo. "Haya, sasa sema. Tangu Jumamosi nakungoja uitike."

Kiziwi akasema. Alisema kuhusu cheo, kwamba ni kazi ya kudumu, kwamba ameshakubali, na kwamba hatarudi kuishi. Atakuja kutembea. Aliyasema yote kwa pumzi moja, akiangalia nyasi.

Mama mkubwa aliusikiliza wimbo uliofuata hadi mwisho. Ulikuwa mrefu.

"Nilijua Jumamosi," alisema. "Nimekaa kwenye kile kiti na viatu miguuni, nikajiambia, saa za huyu zimehama. Mwenyewe atabakije?"

"Umeumia?"

"Siku tatu na viatu hivi, nisiumie?" Alivuta pumzi. "Naumia, ndiyo. Itapoa. Na hicho cheo, bado utakaa mlangoni?"

"Ndani. Nitasimama ndani, upande wa nyuma."

"Afadhali. Miaka yote hiyo unasikiliza mabaki." Akaikunja leso. "Kitanda nitakitoa. Ukija utalala na mimi, na unajua ninavyokoroma."

"Najua, Mama."

Kituoni mama mkubwa alipanda, akapata kiti, kisha akarudi mlangoni. Kiziwi alikuwa ameshasogea nyuma, amesimama kati ya watu wanaosoma simu zao kimyakimya.

"Kiziwi!" Ile sauti ya uwanja wa shule ilizunguka chini ya paa la kituo.

"Abee, Mama!"

Watu waliinua vichwa. Mama mkubwa alimtazama juu ya mabega yao.

"Hamna," alisema. "Nimekuita tu." Milango ikafungwa.

Usiku kaka yake alipiga simu. Mama amefika salama, alisema, amefika saa tatu. Kiziwi alitazama dirishani, akaona giza, akaelewa bila kuhesabu kitu.

"Umemfanya nini mama?" kaka aliuliza. "Hajavua hata kilemba, kapiga simu nyumbani. Kitanda chako kimeshapata mtu."