Picha Mbili za Shingo ya Kulthum

Kulthum alikuya nyumbani kwangu na sanduku la bati na sauti yake. Mimi sikumtaka. Nasema wazi, maana wanaosema uongo mtamu juu yake ni wengi, na mimi si mmoya wao. Kwetu hapa Langoni mume ndiye aingiaye nyumba ya mke. Baba humjengea bintiye, au humgaia vyumba vya juu, kijana akaingia na nguo zake. Baba yake huyu alikuwa mkulima wa Chundwa, huko Pate, hana cha kujenga. Basi mwanangu Dawud akamleta kwangu. Nalimwambia mbele za watu, "Dawud, umeoa ama umeokota?"

Kulthum akainama, akanibusu mkono. Akasema, "Mama, kitu cha kuokota hurudishwa kikidaiwa. Na mimi kwetu hawanidai."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi hilo sikulisahau miaka kumi na tisa.

Hakupata mtoto. Alifungua chuo cha Kurani tini ukumbini, wasichana thelathini na kitu, kila siku baada ya alasiri. Sauti yake sijui niisemeje. Mimi shule nalikwenda miezi minane nikatolewa nikafundishwe kupika, sina maneno ya kitabu. Lakini akisoma Kurani, wanawake waliopita na vikapu vyao walisimama kwenye baraza langu wakijifanya wapumzika. Na sikio! Alikuwa jikoni akikaanga mahamri, msichana wa nyuma kabisa akimeza herufi ya kuvutwa, Kulthum amwita kwa ina kutoka ndani ya moshi: "Asmaa! Rudia. Hiyo umeimeza, na si mahamri."

Mimi naliona uvimbe kwanza. Alikuwa ajifunga leso, nikaona tini ya taya, upande wa kushoto, kama kungumanga iko ndani ya ngozi.

"Huo mtoki," nikamwambia. "Paka kitunguu saumu."

Akautukua mkono wangu akauweka pale. Kile kitu kikapiga. Kilikuwa chapiga kama moyo wa kuku.

Nikautoa mkono wangu mbio. "Dawud," nikaita, "mpeleke mkeo hospitali, mimi si mganga."

Hospitali alikuta daktari kijana mmoya aliyetaka kuudunga sindano avute maji. Mungu alimpa akili akataka picha kwanza. Mpiga picha alikuwa Wafula, mtu wa bara, mrefu, viatu kama mitumbwi. Mimi nalikwenda kwa kuwa sikutaka mtu wa bara ashike shingo ya mke wa mwanangu bila mimi kuwako. Akampaka yale mafuta baridi, akapitisha kile kidude chake, tukaona kwenye kioo rangi nyekundu na buluu zikizunguka kama mai ya mkondo.

"Nani amesema hii ni ya kudunga?" Wafula akauliza.

"Mwenzio huko nje," nikamwambia.

"Mama, hii ni damu tupu. Sikiza vizuri. Mtu asidunge, asikate, asichanje, asiumike. Mtu yeyote. Nendeni Mombasa mkapigwe picha kubwa."

"Kijana, wewe ni mpiga picha ama ni daktari?"

"Mimi ni mpiga picha, mama. Ndiyo maana nimeona."

Nalimwona hana adabu. Yeo nasema yule ndiye aliyekuwa na adabu kuliko sote.

Mombasa wakamkuta daktari wa picha, Fawaz. Naliambiwa yote na Dawud waliporudi. Daktari aliwaambia mshipa mkubwa wa damu wapanda shingoni, ukifika tini ya taya wagawika mara mbili kama panda ya manati, na uvimbe umekaa pale pale pandani. Ni uvimbe wa nadra. Yeye katika kazi yake yote ameona sita. Si ule ubaya unaokimbia mwilini. Lakini wakua, na kando yake wapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti.

Dawa yake naliiona kichekesho. Daktari ataingiza mrija mwembamba kama uzi kwenye mshipa wa paja, auongoze kwa picha mpaka shingoni, azibe vile vijishipa vinavyoulisha uvimbe. Ukikosa chakula siku moya, kesho yake mpasuaji autoa bila damu nyingi.

"Paja na shingo wapi na wapi?" nikamwambia Dawud. "Mtu akiwa na jipu la sikio, huyo daktari ataingilia kisigino?"

"Mama," Kulthum akasema, "ndia ya damu ni moya. Yeye aijua kama wewe ujuavyo vichochoro vya Langoni."

"Mimi vichochoro vya Langoni navijua, lakini siingii kwa watu kupitia dirishani."

Alikuwa ajibu kwa kicheko, lakini naliona akiushika ule uvimbe. Akaniuliza nikiwa peke yangu, "Mama, sauti ikinitoka, mimi nitakuwa nani?" Nikamwambia aache upuzi. Hilo ndilo jibu nalimpa.

Wakapewa siku. Jumatatu, mwezi wa saba, tarehe kumi na nane. Daktari Fawaz na mpasuaji watakuwa pamoya, na ile mashine imepangwa.

Tarehe ishirini na nne mwezi wa sita, Ijumaa, mwanangu Dawud alitawadha, akakaa kitako kwenye ngazi avae viatu vya msikitini, hakuinuka. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka arubaini na nne. Mwanangu wa pekee.

Tukazika. Kulthum akaingia eda.

Asiyejua eda, ni hivi: mke aliyefiwa akaa ndani miezi mine na siku kumi. Hajitii manukato wala hina, havai mapambo, haonekani na mwanamume asiye maharimu, hatoki. Mimi nalikaa eda ya baba yake Dawud, jino la gego likanivimba mpaka jito likafumba. Sikutoka. Nalilifunga uzi kwenye komeo la mlango, nikaling'oa mwenyewe. Hadithi hiyo nimeisimulia harusini na matangani, na kila mwanamke wa mtaa huu aijua. Nalijiona shujaa.

Siku mbili kabla ya ile Jumatatu, nduguye Kulthum, Jeilani, akatoka Chundwa kwa boti ya asubuhi. Akasimama mlangoni na mkoba.

"Hodi Bi Rahima. Nimekuya kumtukua Kulthum, twende Mombasa."

"Kulthum yuko eda."

"Najua. Ni hospitali, Bi Rahima. Mimi ni nduguye, maharimu yake. Nitampeleka na kumrudisha."

"Na huko Mombasa yule daktari ni nduguye pia? Atakayemshika paja ni nduguye?"

"Bi Rahima, daktari ni daktari."

"Mwanangu ana siku ishirini na mbili kaburini. Mchanga haujakauka. Mkewe atoke apande basi, watu wamwone, waseme mke wa Dawud amemtupa? Alisema mwenyewe huyo Fawaz wenu, uvimbe haukimbii. Basi nao ukae eda."

Jeilani akautua mkoba. Kisha akasema, "Tumuulize sheikh. Msikiti huo hapo."

Hapo ndipo nalipokosa. Msikiti uko hatua thelathini kutoka mlango wangu. Swali lilikuwa moya tu, na kulijibu ni muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Sikutaka liulizwe. Watu wadhani sikujua. Nalijua kuwa sijui, na naliogopa jibu, maana sheikh akisema ruhusa, mimi na gego langu tutakuwa nini? Na niseme na lingine nililo nalo: mwanangu amekufa, yeye aenda kutafuta kupona. Nalimwonea uchungu kwa kuwa yeye yu hai.

"Sheikh hakumzaa Dawud," nikasema. Kisha nikapaza sauti ipite pazia. "Kulthum! Mlango uko wazi. Ukitoka, usirudi kwangu."

Hana nyumba. Nalijua hana nyumba.

Kulthum akasogea nyuma ya pazia. Kisha akasema kule ndani, "Jeilani, rudi ndugu yangu. Mama akisema nikae, nitakaa."

Jeilani akatia mkoba begani. Akaniambia, "Bi Rahima, hii itakuya kukuuliza." Nikamwambia aangalie ngazi asianguke.

Eda ikaisha. Tukapiga simu Mombasa. Mpasuaji ameondoka kwenda kusoma ng'ambo. Tukapewa siku nyingine, ikafika, mashine ya mishipa imeharibika na kifaa chake chatoka nti ya mbali. Siku nyingine, wauguzi wamegoma. Ile miezi mine na siku kumi yangu ikazaa mwaka na miezi mine. Kwa wengine, wasema, uvimbe ule hulala miaka. Kwake haukulala.

Wasichana ndio waliosikia kwanza. Kulthum akifika pa juu, sauti yapasuka kama nguo. Asmaa, ambaye sasa ni mwari, aliniuliza, "Bi Rahima, mwalimu ana mafua?" Kisha akaanza kupaliwa na mai ya kunywa. Amwaga kikombe kizima kifuani, akohoa mpaka mato yatoka matozi. Mimi nasema, "Kunywa polepole." Kila siku nasema, kunywa polepole.

Mara ya pili ya kwenda Mombasa naliandamana naye mwenyewe. Jeilani alikuwako pia, hakusema nami kutoka Mokowe, tulipoteremka boti tukapanda basi, mpaka Mombasa. Wakamwingiza Kulthum kwenye ile pete kubwa ya picha, akatoka, tukaketi mbele ya Fawaz. Kumbe kijana mpole, ndevu fupi, asalimia vizuri. Akaweka kwenye kioo picha mbili kando kwa kando.

"Hii ya kwanza, hii ya yeo asubuhi," akasema, au alisema leo, ndiyo lugha yao.

Mimi sikusoma, lakini mato nnayo. Kwenye ile ya kwanza uvimbe umekaa kati ya matawi mawili ya mshipa kama yai kwenye kiota. Kwenye ya pili umeukumbatia mshipa pande zote, na kichwa chake kimepanda mpaka kwenye mfupa wa fuvu. Tini ya kila picha kulikuwa na tarehe. Tarakimu nazijua.

"Hapa," Fawaz akasema, aonyesha ya kwanza, "tungeutoa na mshipa wa sauti tungeuacha mzima. Si ahadi, lakini nilikuwa na tamaa kubwa. Hapa kwenye ya pili umeumeza. Tukiutoa, mshipa wa sauti tutaukata. Tukiuacha, utaendelea kupanda. Bi Kulthum, kati ya picha hii na hii, kulikuwa na nini?"

Jeilani akanitazama. Kulthum hakunitazama.

"Nalikuwa eda, daktari," akasema.

Fawaz akaweka kalamu yake mezani taratibu. "Eda haimzuii mtu matibabu, dada yangu. Hakuna aliyekwambia?"

Nalingoja aseme ina langu. Nalitaka aseme. Alikuwa na haki, na ndugu yake yuko pale, na daktari yuko pale.

"Sikuuliza," Kulthum akasema.

Wakafanya ile kazi. Fawaz aliingia kwa paja, saa tatu nzima, akaziba vijishipa kimoya kimoya. Naliomba nionyeshwe baadaye, akanionyesha: uvimbe uliokuwa wawaka kama makaa umekuwa giza. Alijua vichochoro vyake. Kesho yake mpasuaji akautoa. Damu ilikuwa kidogo, kama walivyosema. Uhai wake upo, shingo yake iko sawa, na sauti haiko.

Amebaki na pumzi yenye maneno. Ukikaa karibu wasikia. Ukiwa chumba cha pili huna habari kuwa ameita. Chuo sasa asomesha Asmaa. Kulthum akaa kando, na akisikia kosa apiga rula kwenye meza, msichana arudia. Makosa ya nyuma kabisa bado ayasikia. Hawezi tu kumwita mtu kwa ina.

Watu waniambia, "Bi Rahima, ni kadari." Kadari ya Mungu mimi siibishi. Lakini mlango nalifunga mimi. Sijapata kumsamehe mtu katika umri wangu huu. Dada yangu alikufa tukiwa hatusemezani kwa neno la harusini. Basi sijui kwa nini nijisamehe mimi, ambaye nilifanya kubwa zaidi.

Shaabani hii iliyopita, siku ya mwisho, watu wakizunguka nyumba kwa nyumba kutakana radhi kabla ya mfungo, naliingia chumbani kwake mtana. Alikuwa akunja nguo. Magoti yangu hayakunjiki, lakini naliketi tini, kwenye mkeka.

"Kulthum," nikasema, "nalikufungia mlango. Sauti yako nimeila mimi. Naomba radhi."

Hakungoja hata kidogo. Akasema, "Nimekusamehe, Mama."

Nikamtazama mdomo. Zamani, neno la Kulthum ulilijua lilikotoka. Akikasirika sauti yashuka, akipenda yapanda kidogo mwishoni, akikufanyia mzaha waisikia kabla ya kufika. Sasa lote ni pumzi moya, sawasawa. Alisema "nimekusamehe" kama asemavyo "chai i tayari". Sikuweza kujua kama latoka moyoni, au ni neno la kumtoa mzee chumbani.

Nikataka kumwambia, sema tena. Nikaona haya. Hata akisema mara mia, litakuwa vile vile.

Akanishika mkono akaniinua, akaendelea kukunja nguo.