Mchi Ukigonga

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alitwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni, mjukuu wetu Plamedi akimrekodi video. Baada ya kumzika mke wangu, Plamedi aliandika Kiingereza chini ya picha, ili wadogo zake waliozaliwa hapa ugenini wamwelewe nyanya yao. Lakini televisheni yetu haikulisoma lile faili. Fundi wa kwanza alinirudishia picha bila maandishi.

Huyu wa pili, Mkenya mwenye kiduka karibu na soko la Walthamstow, husikiliza kazi yake kwa sikio moja. La pili huwaachia wateja. Hufuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta, kisha hungoja. Alitoa picha, sauti na maandishi kwenye faili la MKV, ambalo televisheni yetu hailijui, akavitia kwenye la MP4, inalolisoma, akatafuta pale mchi unapoanguka. Mchi ukagonga, sauti ikagonga, kidole chake kikainuka kuonyesha vimekwenda pamoja. Akarudia. Maandishi ya Plamedi yalikuwepo yote. Kwenye kioo mke wangu akaniambia, “Baba Reine, sogea, unanizibia mwanga.” Nikasogea, mle mle dukani. Fundi hakucheka. Alinivutia kiti, akaongeza sauti.

“Mama ni yule yule, mzee. Tumemhamisha nyumba tu.”