Hotuba ya Baba Kwenye Sidii

Mimi ni mwoga, na sisemi hivyo ili nibembelezwe. Naogopa radi, naogopa simu inayoita alfajiri, na mwaka jana niliogopa sidii moja kiasi cha kukosa hamu ya kula.

Ilianza kwa mama. Nilikuwa nimepanda Olmotonyi kumsalimia, tunachambua mboga jikoni, akasema bila hata kuniangalia kwamba sura ya baba anaiona vizuri tu, ila sauti yake imeanza kumtoka. "Naitafuta, siipati," alisema. Baba alikuwa ametutoka zamani kidogo, kabla hatujazoea kurekodiana kwa simu kila tukinywa chai. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye video ya sendofu yangu, ile sherehe ya kuniaga nyumbani kabla ya harusi, alipopewa maikrofoni anikabidhi kwa wakwe. "Hilo dogo, mama," nikasema. "Nitaiweka kwenye kompyuta, nikutumie kwenye simu, na ndugu zangu wote waipate." Mdomo wangu huu, jamani.

Maana nilipotoka nje niliona bustani yake. Juu ya mchicha alikuwa amefunga kamba, na kwenye kamba sidii zinaning'inia, zinameremeta, zinafukuza ndege. Nilizikimbilia, nikawa nageuza moja moja natafuta maandishi ya sendofu, na nyingine jua lilikuwa limeshazibambua hazisomeki. Mama akaja nyuma yangu taratibu na ungo wake.

"Una nini wewe? Hizo ni za mahubiri na za karate. Ya kwako nitaitundikaje?"

Ya kwangu ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye kitenge alichovaa siku ile. Nilishuka nayo mjini nimeikumbatia mapajani, kila tuta la barabarani nashtuka.

Laptopu za siku hizi hazina hata tundu la sidii, kwa hiyo niliazima kazini kifaa cha kusomea, kisha nikamleta mama kwangu Sekei ili aone mwenyewe. Nilikichomeka, nikaweka sidii, nikashika kifua. Ikazunguka. Ikakwaruza. Ikazunguka tena, halafu kimya, na kompyuta ikaniambia humo hamna kitu. Jasho likanitoka, na ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, ile ya Mlima Meru kujifunika mawingu mpaka mchana.

"Ipake dawa ya meno," mama akasema.

"Mama, hili si jino."

"Baba yako alikuwa anapaka."

Na kweli alikuwa anapaka, kila sidii ilipogoma, kwa kidole, kutoka katikati kwenda nje. Nikapaka hivyo hivyo. Nilihofia nitaichubua mwenyewe na kuimaliza kabisa. Nikaisuuza, nikaifuta kwa fulana kuukuu, nikairudisha. Mama alikuwa ameanza kuomba kwa Kichaga, chini chini, na hilo likazidi kunitisha, kwa sababu mama haombi kwa Kichaga ila mambo yakiwa yameharibika.

Ikakubali. Ule mstari wa kunakili ukaanza kusogea, ukakwama, ukasogea tena. Niliogopa umeme utakatika. Niliogopa hata kukohoa. Ulipofika mwisho nilijikuta nimekaa sakafuni.

Nikasogeza video hadi kwenye hotuba. Huyo hapo, suti ya kahawia, mbele yake ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, na majani mdomoni, maikrofoni mkononi. Midomo inacheza. Na kinachosikika ni wimbo. Wimbo wa harusi, kinanda na waimbaji, juu ya hotuba yote. Mpiga video, kama walivyofanya wengi enzi zile, aliona maneno ya wazee yanachosha, akayafunika kwa muziki.

Mama aliniangalia. "Mbona zamani tulikuwa tunamsikia?"

Nilikuwa nimeshaelewa, na hofu iliyonishika hapo ilizidi zote. Kila tulipokaa kuitazama sidii hiyo, baba alikuwepo sebuleni, kwenye kochi lake, anairudia hotuba yake neno kwa neno na kujisifu. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamsikia. Niliogopa kumwambia mama kwamba sauti anayoitafuta haikuwahi kuwemo humo. Nikamwambia hivyo hivyo na woga wangu.

Hakulia. Alisema niache iendelee, angalau amwangalie. Tukakaa tunamwangalia akinyoosha kidole, akicheka, akigeukia wakwe. Wimbo ukafika mwisho. Kabla mwingine haujaingia, ukasikika ukumbi wenyewe: sahani, viti, mtoto analia mbali, na sauti nzito yenye mafua ikimalizia sentensi.

"...mwoga sana huyu. Radi ikipiga, tafadhali, msimzimie taa."

Watu wakacheka, waimbaji wakaanza tena, na baba akabaki midomo tu.

Mama alikuwa ameukamata mkono wangu hadi unauma. "Rudisha," akasema.

Nilichelewa kubonyeza. Niliogopa kwamba mara ya pili hatutamkuta. Mama akakikandamiza kidole changu kwenye kitufe, na baba akasema tena, vilevile, na mafua yake.