Kilo Kumi Kabla ya Goti

Shangazi yangu hajawahi kulikubali neno "kama". Ukimwambia unataka sketi ifike kama hapa, huku umegusa juu ya goti, atakushika mkono na kukuuliza, "Kama hapa ndiyo wapi? Nipe sentimita." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Sentimita, na kwa kuwa jina hilo amelipenda kuliko alilopewa na wazazi wake, nami nitalitumia bila kuomba radhi.

Anashona sare za shule na sketi za wanawake wa maofisini. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: meza ya kukatia, pasi mbili, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na cherehani ya miguu ambayo ni kubwa kwangu kwa umri. Mafundi wenzake walishahamia kwenye mashine za umeme. Yeye anadai mashine ya umeme ina haraka kuliko akili ya anayeshona. Nimembishia mara nyingi nikashindwa, maana kubishana na Sentimita ni kujikausha koo bure.

Miaka ishirini na sita ya kukanyaga pedali na kusimama kwenye meza ya kukatia ilimmaliza goti la kulia. Mwaka jana alianza kukata nguo akiwa ameegemea kiti, kisha akawa anawarudisha wateja. Daktari wa mifupa alitundika picha ya goti lake ukutani, akamwonyesha mifupa miwili inavyosagana bila kitu katikati. Dawa ya hapo ilikuwa moja tu, goti la bandia.

"Ila uzito huu, mama, na presha yako, sikupasui hivi," alisema. "Punguza kilo kumi. Nakupa tarehe miezi mitatu ijayo."

Tukiwa nje Sentimita aliniambia kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukisema. Alisema anaogopa. Hakuogopa kisu. Aliogopa kukaa. Mume alishatangulia, watoto wa kuzaa hakujaliwa, na tangu usichana wake hakuwahi kuwa kitu kingine isipokuwa fundi. "Nikikaa, mwanangu, nimekwisha," alisema.

Mimi nauza katika duka la dawa. Nimesomea kazi hiyo, na cheti ninacho, kwa hiyo nililichukua suala la kilo kumi kama mtihani wangu mwenyewe. Nikampunguzia chakula cha jioni, nikaiondoa sukari kwenye chai yake, nikamfundisha mazoezi ya kufanya akiwa ameketi. Alinung'unika lakini alifuata. Mwezi ulipoisha akapanda mzani: kilo mbili. Aliutazama ule mzani kana kwamba umemtukania mama.

"Mbili ni nzuri sana, Shangazi," nikasema. "Tena ndivyo inavyotakiwa, polepole."

"Mbili mara tatu ni ngapi?"

"Sita."

"Daktari alisema sita?"

Nikausukuma mzani chini ya meza. Naye hakuuliza tena, na hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, kwa sababu Sentimita akinyamaza ujue ameshaamua jambo.

Katikati ya mwezi wa pili kiuno chake kilipungua sentimita nne kwa siku tisa. Najua kwa sababu alikuwa akijipima kila asubuhi kwa futi ile ile ya kupimia wateja na kujiandika kwenye daftari lao la vipimo, ukurasa wake peke yake. Kwenye mzani ziliondoka kilo tatu. Nilimpigia vigelegele. Angekuwa mteja wa dukani ningemuuliza anakula nini, anameza nini. Lakini alikuwa shangazi yangu, amefurahi, nami furaha ilinifunga macho. Bado nakasirika nikikumbuka.

Kisha akafanya kosa ambalo mtu asiye fundi hawezi kulifanya. Fundi anayejua kazi huacha kitambaa cha ziada ndani ya kila mshono, vidole viwili hivi, ili mwenye nguo akinenepa nguo iachiwe. Sentimita amewafukuza wanafunzi wawili kwa kosa la kukikata. Safari hii alitoa magauni yake saba, akayabana yafuate kiuno kipya, halafu akachukua mkasi na kukikata kile cha ziada chote, akakitupa.

"Mwenye gauni hili harudi huko," alimwambia jirani yake, msusi, aliyemkuta akikata.

Wiki moja baadaye alikwenda kumuuguza wifi yake kwa siku nne. Aliporudi akavaa gauni moja, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Akajaribu la pili, likagoma. Mtu mwingine angeachia mshono na maisha yangeendelea. Yeye hakuwa na cha kuachia. Kwa kuwa gauni halikuweza kuongezeka, akaona ni mwili ndio upungue, na upungue upesi. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu matokeo.

Niliona mikono. Sentimita anatunga uzi kwenye sindano huku anakutazama usoni, ndiyo majivuno yake. Sasa nilimkuta ameilamba ncha ya uzi mara tano na bado hauingii. Niliona anainuka katikati ya kazi na kuchechemea kwenda chooni, anarudi ametoka jasho, baada ya muda kidogo anainuka tena. Siku moja alimkatia karani wa mahakama sketi, mkasi ukateleza ukaingia ndani ya mstari wa chaki, kitambaa kikaharibika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiharibu kitambaa cha mtu. Alikaa chini akakikunja, akakikunjua, akakikunja.

"Shangazi, vipi?"

"Usingizi. Goti linaniamsha."

Nikaamini. Goti lilikuwa linauma kweli, kwa hiyo uongo wake ulikuwa na pa kusimamia.

Mzani ulionyesha zimeondoka kilo kumi kasoro robo siku tulipokwenda hospitali kwa vipimo vya mwisho, siku mbili kabla ya kupasuliwa. Alivaa gauni lake la buluu, zipu imefungwa mpaka juu. Muuguzi akamsifu, Sentimita akazungusha shingo kama bibi harusi. Kisha yakaanza maswali ya kujaza fomu.

"Unatumia dawa gani, mama?"

"Za presha tu. Hiki cheupe, na hiki cha kukojoza."

"Nyingine yoyote?"

"Hakuna."

Wakamtoa damu, wakambandika waya kifuani kuupima moyo. Tulikaa kwenye benchi la korido zaidi ya saa moja. Aliyerudi hakuwa muuguzi, alikuwa daktari mwenyewe, na alisema akiwa amesimama. Potasiamu kwenye damu iko chini mno. Moyo unakwenda mbio, na mapigo mengine yanaruka. Kumlaza mtu wa hivyo kwa dawa ya usingizi ni kumtafutia kifo mezani. Operesheni imefutwa, leo anabaki wodini arekebishwe chumvi za mwili, na tarehe nyingine, kwa foleni ilivyo, ni baada ya miezi saba.

"Miezi saba," alisema Sentimita. Aliitamka taratibu, tena bila kumtazama mtu.

Daktari alipoondoka nilimgeukia. "Shangazi, unameza nini?"

"Nimeshasema. Dawa zangu za presha."

"Na ambazo si dawa?"

Hapo akafungua mkoba. Akatoa kopo la vidonge vya rangi ya machungwa na pakiti ya chai ya kupunguza tumbo, akaviweka mapajani. "Hizi ni za mimea," alisema. "Imeandikwa hapo."

Nilivisoma vyote viwili kwenye lile benchi. Nilitaka kupiga kelele, lakini alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikamweleza kwa sauti ya kawaida, na yeye akasikiliza kama anavyosikiliza mteja mgumu.

Kidonge, nilimwambia, kimejaa kafeini iliyokamuliwa kwenye mbegu na majani. Kimoja ni sawa na vikombe viwili au vitatu vya kahawa kali. Kinauambia mwili kwamba kuna hatari, moyo ukimbie, na njaa isubiri. Mwili unachoma mafuta kidogo zaidi kwa saa chache, kidogo sana, kisha unazoea na kidonge kinabaki na kazi ya kukutetemesha tu.

"Mikono," akasema.

"Mikono. Na presha inapanda juu ya dawa unayomeza kuishusha."

"Na chai?"

"Chai ina majani ya kuharisha. Chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, huko juu. Chai hii inafanya kazi kwenye utumbo mpana, mwishoni kabisa, wakati chakula chenye kunenepesha kimeshaingia mwilini. Inachotoa ni maji, pamoja na chumvi zilizomo kwenye maji hayo. Potasiamu ni mojawapo, na moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hiyo. Halafu kidonge chako cha kukojoza nacho kinaitoa kwa upande wake."

Alifikiri. "Kwa hiyo kiuno changu..."

"Yalikuwa maji, Shangazi. Ukiacha chai, unakunywa, yanarudi."

"Siku nne," alisema. "Kwa wifi sikuinywa, yakarudi kwa siku nne." Ndipo akanisimulia habari ya magauni na mkasi, na jinsi alivyotoka kwenye kifuko kimoja cha chai mpaka vitatu kwa siku, na kutoka kidonge kimoja mpaka vitatu. "Na mafuta je? Hakuna hata kilo moja ya haki?"

"Zile mbili za mwezi wa kwanza. Na labda tatu nyingine, kwa sababu ulikuwa huli."

Alicheka kidogo, kisha macho yakajaa. Nilimshika mkono. Ulikuwa bado unatetemeka, na mimi nilikuwa na hasira nyingi zisizo na pa kwenda, kwa hiyo nikazipeleka kwa aliyemuuzia. Nikamwambia aniambie ni msusi au ni nani, mtu gani asiye na haya anampa mama mwenye presha vitu kama hivi.

"Nilinunua dukani kwenu," alisema.

"Dukani kwetu?"

"Jumatano, siku yako ya mapumziko. Ningekuuliza wewe ungeniambia ukweli, na mimi sikuutaka ukweli, nilitaka kilo kumi. Nilimkuta mwenzako."

"Hakukuuliza kama una presha? Kama kuna dawa unatumia?"

"Aliniuliza swali moja, tena kwa heshima zote. Aliniuliza kama nataka kopo dogo au kubwa."

Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu kumpeleka wodini. Nilimsaidia kuinuka, nikaubeba mkoba wake, na njia nzima sikuweza kusema neno juu ya yule mwenzangu. Yeye ni mgeni pale, ana miezi mitano tu. Swali hilo alifundishwa na mimi.