Bisibisi ya Lenah

Ndege za shule ya urubani anakofanya kazi binti yangu Lenah huzunguka juu ya mabati yetu hapa Kambi Muru, Kibera, kutwa nzima. Zinapanda, zinageuka, zinashuka, zinapanda tena, kwa sababu ni wanafunzi wanaorusha. Lenah anajifunza ufundi wa ndege huko. Mngurumo ukibadilika kidogo tu, mimi huacha nifanyalo na kutazama juu.

Jumanne asubuhi juu kulinyamaza. Nilikuwa nafua ovaroli yake ya jana. Sifui nguo bila kupekua mifuko, na mfuko wa pajani ulitoa bisibisi fupi ya mpini mwekundu.

Jirani yangu Everlyne aliiona. "Mama Lenah, hiyo si ya kazi? Tupa kwa choo! Wakijua ametoka nayo wataita wizi. Si unajua vile watu wa Kibera tunaonwa."

Nilijua. Mume wangu Khamala alifukuzwa kazi ya mjengo kwa nyundo ambayo hakuiba. Nikampigia Lenah, hapatikani; mafundi huacha simu zao langoni. Nikasimama mlangoni mwa choo nayo mkononi. Lakini mbona hakuna hata ndege moja? Nikaifunga kwenye leso, nikaenda kwa miguu hadi uwanjani.

Langoni niliitiwa msimamizi wao, Oketch. Hata hajanisalimu nikamwambia, "Mtoto wangu si mwizi."

"Nani amesema mwizi?" Alifungua leso, akashusha pumzi. "Mama, tumefungua ndege zote tukitafuta hii. Ikibaki ndani inaweza kukwamisha usukani huko juu."

"Utamfukuza?"

"Jana mvua ilimharakisha, akafunga sanduku bila kuhesabu vyombo. Hiyo tutaongea. Lakini leo ni yeye alikuja kuniambia haipo, kabla mtu hajapaa. Angenyamaza, ndio ningemfukuza."

Lenah akatokea, mikono grisi tupu. "Mathe! Umekuja na miguu?"

"Everlyne alitaka niitupe chooni."

Akacheka, kisha akaacha. "Ungeitupa, tungetafuta kitu haiko, na hizi ndege zingelala hapa tu."

Aliirudisha sandukuni, wakafunga walichofungua. Ndege ya kwanza iliponguruma nilimwona msichana ndani yake, mtoto wa mtu.

"Mama, si uende sasa?" askari wa lango akaniuliza.

"Ngoja ishuke kwanza."