Kanzu ya Bonge

Wifi yangu anaitwa Sindano, na wanaodhani ni kwa sababu ya cherehani hawajawahi kugombana naye. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake, husemwa mpaka aombe msamaha hata wa makosa ya jirani. Mimi mwenyewe, dada wa marehemu mume wake, nimeshaambiwa mbele za watu kwamba gauni langu moja linamaliza kitambaa cha wawili. Tunapendana hivyo hivyo.

Lakini Pasaka ikikaribia, ulimi ule hupoa. Kanisani kwetu watu wazima hubatizwa asubuhi ya Pasaka, wakizamishwa kwenye birika lililo mbele ya madhabahu, na kanzu zao nyeupe hushonwa na Sindano. Wanakwenda barazani kwake mmoja mmoja. Anawapima kwa futi, polepole, pini amezibana midomoni, na katika ukimya huo anamwombea kila mtu. Hakuna mchungaji aliyemfundisha. Alianza tu, na siku hizi watu hawajihisi tayari kuingia majini mpaka Sindano awapime. Nimemwona muuza nyama, mtu wa miraba minne, akitoka pale anafuta macho kwa aproni.

Mwaka huu miongoni mwa wabatizwa alikuwemo Bonge.

Bonge ni mdogo wake Sindano, tumbo moja, na jina hilo alilipata utotoni kwa unene wake. Ndiye aliyeendesha lori la mbao siku ile, mchana kweupe, amelewa chakari, kaka yangu ameketi kando yake. Lori likapinduka kwenye kona. Bonge akatoka na mchubuko wa kiwiko. Kaka yangu tulimzika. Bonge akafungwa, akaokoka huko huko gerezani, na sasa ametoka, anaosha magari kwenye gereji na kulala chumba cha nyuma. Sindano hakuwahi kwenda kumwona gerezani, na alipotoka hakutaka kumtia machoni, wala mimi sikutaka.

Mchungaji akaja mwenyewe kumsihi ampime.

"Mama, ndugu yako amekuwa mtu mpya."

"Vizuri," Sindano akajibu, mguu hajautoa kwenye pedali. "Sasa baba mchungaji, kama huyu ni mpya, yule aliyemuua mume wangu yuko wapi? Nimgombeze nani?"

Mchungaji aliinua kikombe akanywa chai ambayo ilikuwa bado inachoma. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

"Kanzu nitashona," Sindano akasema mwishowe. "Kumpima, hapana. Mwili wake naujua."

Nilimuunga mkono, na mpaka leo sijutii. Nilimwambia ningekuwa mimi ningemkatia gunia, nikalitoboa tundu la kichwa, basi. Akacheka, kisha akatandaza kitambaa mezani akakata kwa kukumbuka: mabega yale, tumbo lile, shingo ile ya fahali. Mkasi ulikuwa ukitafuna kitambaa kwa hasira. Wote tulijua maana yake. Bonge angekwenda majini peke yake bila kuombewa na Sindano, na dada mtu ndiye aliyeamua hivyo.

"Wifi," akaniambia akiwa ameinamia meza, "kila mwaka naimba kwamba kaburi liko wazi. La mume wangu nimelipalilia juzi. Limefungwa vile vile."

Hata mimi jambo hilo linaniuma. Naamini Kristo alifufuka, nimeamini tangu nikiwa mtoto, lakini sielewi kwa nini wokovu umfikie aliyekosa haraka hivyo, na sisi tuliokosewa tubaki tukipalilia. Ningeulizwa, ningepanga foleni upya.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa pomoni. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, mzee wa kanisa alipokuja ameinama hadi kwenye benchi letu.

"Mama, kanzu ya Bonge imemmeza. Akiingia nayo majini itamnasa miguu, ataanguka."

"Haiwezekani. Nimekata kwa mwili wake."

"Njoo uone."

Tukaenda wote wawili. Mimi sikuitwa, nilijipeleka. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanaume walikuwa wamejipanga ukutani na kanzu zao. Nilimtafuta Bonge, macho yangu yakampita. Nikarudi tena. Alikuwa mtu mwembamba, shingo imebaki mishipa, kanzu imemwagika sakafuni kumzunguka kama imetundikwa kwenye msumari. Jela na maradhi ya kifua vilikuwa vimemmaliza. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, lakini yalikuwa ya kumwambia mtu mnene.

"Shikamoo, dada," akasema.

Sindano alikuwa ameshatia pini mdomoni. Hakuitika. Alipiga magoti sakafuni, akalishika pindo na kuanza kulikunja, pini moja baada ya nyingine, akimzunguka kwa magoti. Kisha akasimama akapunguza mabega, akakunja mikono. Bonge alisimama wima, mikono ameitenga na mwili, jinsi watu wanavyosimama barazani wanapopimwa. Kwaya ilisikika kupitia ukutani. Sindano akarudi chini mara ya mwisho, penye kisigino, akachomeka pini iliyobaki. Akainuka kwa kujishika ukutani.

"Marahaba," akasema, akatoka.

Bonge akazamishwa. Alipoibuka kanisa zima lilipiga vigelegele, na muuza nyama alipiga makofi kupita wote. Mimi sikupiga. Nilimtazama Sindano; naye mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, viatu vyetu vya kanisani tumevishika mkononi kwa sababu ya tope.

"Nilimshonea yule, wifi," akasema. "Akaja huyu. Sasa yule nitamtafuta wapi?"

"Hata mimi sijui."

Tukatembea. Swali lilikuwa linaniwasha, nikashindwa kujizuia.

"Ulipokuwa na pini mdomoni, ulimwombea?"

"Niliomba."

"Uliomba nini?"

"Nisimchome."

"Na hukumchoma?"

Alisimama, akaweka viatu chini, akakaza kanga kiunoni ingawa ilikuwa imekaza.

"Nilimchoma. Pini ya mwisho, kwenye kisigino, na nilikusudia." Akainama akaokota viatu vyake. "Hakuvuta mguu."