Tanuri langu la kale huko Kagugu

Wiki tatu nimechimba shimo moja, na leo mama mmoja amelimaliza kwa swali moja tu.

Niko mwaka wa mwisho wa akiolojia, ule wa tasnifu. Nachimba Kagugu, kwenye kiwanja ambacho mwezi ujao kitajengwa ghorofa.

Nilipata majivu. Nikapata udongo ulioungua ukawa mwekundu. Nikamwandikia msimamizi wangu: tanuri la kuyeyushia chuma, la kale sana.

(Ndiyo, hiyo "sana" niliipigia mstari. Msinicheke.)

Leo asubuhi akaja Mama Espérance, aliyezaliwa hapo hapo, akachungulia.

"Mutoto yangu, unatafuta nini kwa shimo yetu ya ndizi?"

Nikamwambia, Mama, hili ni tanuri.

"Tanuri gani? Tuliwasha moto, tukapanga ndizi, tukafunika na majani na udongo, ikaiva. Ilikuwa ya pombe ya harusi ya kaka yangu. Mwaka ya tisini na mbili, miaka mbili mbele ya mauaji."

Nikakaa chini pale pale, mwiko wa kuchimbia mkononi. Magoti yananiuma, jamani, na sina tena tasnifu.

Nikachukua sepetu nianze kulifukia. Akanishika mkono.

"Wacha kwanza. Watu wote wenye walikunywa ile pombe, nimebaki mimi."

Akaenda kuleta kiti.

Mngekuwa nyinyi mngemwandikia nini msimamizi? Mimi nimechoka kufikiri. Tangu saa nne ananitajia majina yao, nayaandika kwenye daftari la vipimo.

Ukurasa wa tatu umejaa, na upande wa bibi harusi hatujaanza.